Upimaji wa vichwa vya kusomea vya diski kuu

Upimaji wa vichwa vya kusomea ni mfululizo wa vipimo vinavyofanyiwa sehemu ndogo sana ya diski kuu ya kompyuta (huitwa pia diski ngumu), ambayo kazi yake ni kusoma data iliyohifadhiwa kwa njia ya sumaku. Vipimo hivyo huanza kiwandani kabla kichwa hakijakatwa kutoka kwenye bamba la kauri kilipojengwa. Huendelea hata baada ya diski kuuzwa, kwa kuwa diski za kisasa hujipima zenyewe zikiwa kazini.

Lengo la kwanza ni kukamata kichwa kibovu. Lengo la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni kukamata kichwa ambacho bado kinasoma lakini kimekwisha kudhoofika. Kichwa kilichokatika waya hujulikana kwa kipimo cha muda mfupi tu. Kichwa kilichopigwa na umeme tuli huweza kuonyesha ukinzani uleule wa jana, kikapita kipimo cha kwanza, kisha kikaanza kukosea miezi kadhaa baadaye kikiwa ndani ya kompyuta ya mtu. Sehemu kubwa ya mbinu zinazoelezwa hapa ilibuniwa kwa ajili ya vichwa vya namna hiyo.

Kwa nini kila kichwa hupimwa

Kila upande wa sahani ya diski una kichwa chake. Diski kubwa zinazotumika kwenye vituo vya data huweza kuwa na sahani 10, yaani vichwa 20, na vyote vinapaswa kuwa vizima ili diski ifanye kazi ipasavyo. Ikichukuliwa kwamba kati ya vichwa 100 vinavyofika kwenye meza ya kuunganishia kimoja tu ni kibovu, uwezekano wa kupata vichwa 20 vizima kwa pamoja ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani takriban asilimia 82. Kwa maneno mengine, karibu diski moja kati ya tano au sita ingekuwa na angalau kichwa kimoja kibovu. Ubovu ukipunguzwa hadi kichwa kimoja kati ya 1,000, diski zenye kasoro hushuka hadi takriban asilimia 2.

Kuna pia suala la gharama. Kichwa kikitupwa kikiwa bado kwenye bamba, hasara ni ndogo. Kikigunduliwa kibovu baada ya diski kufungwa, hasara huhusu pia sahani, injini, saa nyingi za kazi na chumba safi ambamo diski italazimika kufunguliwa upya. Kikigunduliwa kwa mteja, hasara kubwa kuliko zote ni data yake. Ndiyo maana viwanda hupima mapema na hupima tena katika kila hatua, hata kama kipimo kimoja kinafanana na kilichotangulia.

Jinsi kichwa kinavyosoma

Ndani ya diski kuu mna sahani za alumini au kioo zilizopakwa tabaka jembamba la sumaku. Sahani huzunguka kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kwenye sahani yenye kipenyo cha milimita 95 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, ukingo wa nje hupita chini ya kichwa kwa kasi inayokaribia kilomita 130 kwa saa.

Kichwa hakigusi sahani. Kimejengwa kwenye ncha ya nyuma ya kipande cha kauri kinachoitwa kitelezi, ambacho katika diski nyingi za karne ya 21 kina urefu wa milimita 0.85, upana wa milimita 0.70 na unene wa milimita 0.23. Kitelezi hushikwa na mkono mwembamba wa springi na huelea juu ya sahani kwa kubebwa na hewa, au gesi ya heli katika diski zilizofungwa kabisa. Katika diski ya kwanza, IBM RAMAC ya mwaka 1956, nafasi kati ya kichwa na sahani ilikuwa takriban mikromita 20. Leo, wakati wa kusoma, ncha ya kichwa hushushwa kwa kipasha joto kidogo kilichomo ndani yake hadi kubaki nanomita moja au mbili hivi, nafasi inayolingana na unene wa uzi wa DNA.

Kwa miongo mingi kichwa kilekile kiliandika na kusoma kwa kutumia koili. Koili hutoa ishara pale tu uga wa sumaku unapobadilika mbele yake, hivyo sahani ikizunguka polepole ishara hupungua, na ikisimama ishara hutoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 IBM ilianza kuuza diski zenye kichwa tofauti cha kusomea, kilichotumia jambo lililochunguzwa na William Thomson (Lord Kelvin) katika miaka ya 1850: ukinzani wa umeme wa metali zenye sumaku hubadilika kidogo zikiwa ndani ya uga wa sumaku. Mwaka 1988 Albert Fert nchini Ufaransa na Peter Grünberg nchini Ujerumani, kila mmoja na wenzake, waligundua kwamba badiliko hilo huwa kubwa zaidi likitokea kwenye matabaka membamba yaliyopangwa kwa zamu. Vichwa vilivyotumia ugunduzi huo viliingia sokoni mwaka 1997, na wagunduzi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2007.

Kichwa cha aina hiyo kina matabaka mawili muhimu ya sumaku. Moja ni tabaka huru, ambalo sumaku yake hugeuka kufuata uga unaotoka kwenye sahani. Jingine ni tabaka lililofungwa: mwelekeo wa sumaku yake umeshikiliwa na tabaka jirani la aloi ya manganisi, kwa mfano manganisi na iridi, lisigeuke. Matabaka hayo mawili yakielekea upande mmoja ukinzani huwa mdogo. Yakielekea pande zinazopingana ukinzani huwa mkubwa. Diski hupitisha umeme kidogo kwenye kichwa na kusoma volteji inayopanda na kushuka. Tangu katikati ya miaka ya 2000 nafasi kati ya matabaka hayo imekuwa kizio chembamba mno, chenye unene wa takriban nanomita moja, na elektroni hupenya humo kwa njia inayoelezwa na fizikia ya kwanta. Kizio kilichoenea zaidi ni oksidi ya magnesi.

Badiliko hili la teknolojia lilibadilisha pia upimaji. Kichwa cha koili hakionyeshi chochote mbele ya uga uliotulia, hivyo ilibidi kipimwe juu ya sahani inayozunguka. Kichwa cha ukinzani huitikia uga wowote, hata wa sumaku iliyosimama. Kwa hiyo kinaweza kupimwa peke yake, bila sahani, kwa kuwekwa kati ya ncha za sumaku ya umeme.

Kasoro zinazotafutwa

Kasoro rahisi ni za umeme: waya uliokatika, ambapo ukinzani huwa mkubwa kupita kiasi, na njia mbili zilizogusana, ambapo ukinzani hushuka sana. Mgusano mara nyingi hutokea wakati wa kusugua uso wa kitelezi, kwa kuwa metali laini huweza kuburutwa na kuvuka kizio. Kwa kizio cha nanomita moja, uchafu wa kiasi kidogo sana unatosha.

Kasoro za sumaku ni za siri zaidi. Ya kwanza ni tabaka huru linalogeuka kwa mirukoruko badala ya kugeuka kwa ulaini. Sumaku ndani ya metali imegawanyika katika maeneo madogo, na mpaka wa eneo huweza kunasa kwenye dosari ya metali kisha kuachia ghafla. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Barkhausen alilionyesha jambo hilo mwaka 1919 kwa kusikiliza mlio wa kupasukapasuka unaotokea chuma kinapotiwa sumaku, na hadi leo mirukoruko hiyo huitwa kelele ya Barkhausen. Ili kuizuia, vipande vidogo vya sumaku huwekwa pembeni mwa tabaka huru kulituliza. Vipande hivyo vikiwa dhaifu, kichwa husoma vizuri leo na vibaya kesho, kwa kutegemea hali ambayo sumaku yake iliachwa.

Ya pili ni tabaka lililofungwa kupoteza mwelekeo wake. Tabaka la aloi ya manganisi hushika vizuri likiwa baridi, lakini likipashwa joto la nyuzi mia kadhaa za sentigredi hulegea. Likipoa, huganda upya kwa kufuata mwelekeo uliopo wakati huo, nao huenda ukawa umepinda au umegeuka kabisa. Kichwa kilichogeuka kabisa hutoa ishara iliyopinduliwa, juu ikawa chini. Kilichopinda hutoa ishara dhaifu, au yenye upande mmoja mkubwa kuliko mwingine.

Joto hilo mara nyingi hutoka kwenye umeme tuli. Mtu anayetembea kwenye zulia wakati wa ukavu huweza kubeba volti maelfu, na kwa kawaida hahisi mshtuko mpaka volteji ifikie takriban 2,000 hadi 3,000. Kichwa cha kusomea hudhurika kwa volteji ndogo mno kuliko hiyo. Kwa vichwa vyenye kizio cha oksidi ya magnesi, volti moja hivi ikifika moja kwa moja kwenye kizio ni hatari. Pigo kubwa huyeyusha matabaka na kuacha alama inayoonekana kwa hadubini ya elektroni. Pigo dogo haliachi alama yoyote. Hupasha tabaka joto kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, huharibu mwelekeo wa sumaku, na kuacha ukinzani ukiwa karibu uleule. Anayepima ukinzani pekee huona kichwa kizima.

Kuna pia kasoro zinazokuja taratibu. Unyevu na mabaki ya klorini, kama yale yanayoachwa na jasho la vidole, huweza kutia kutu matabaka yenye kobalti na chuma ikiwa ngozi ya kaboni inayoyafunika, yenye unene wa nanomita chache, ina tundu.

Kutoka bamba hadi kitelezi

Vichwa hujengwa juu ya bamba la kauri iliyochanganywa oksidi ya alumini na kabidi ya titani, kwa mbinu zinazofanana na za kutengeneza chipu za kompyuta. Bamba moja lenye kipenyo cha milimita 200 hubeba makumi ya maelfu ya vichwa. Viwanda vya kazi hii ni vichache duniani. Seagate ina vyake Minnesota nchini Marekani na Derry katika Ireland ya Kaskazini, na Western Digital ina chake Fremont, California. Kukata na kuunganisha hufanyika zaidi Asia. Uchache huo ulionekana wazi Oktoba 2011, mafuriko ya Thailand yalipozamisha kiwanda cha Western Digital cha Bang Pa-in, na bei ya diski ikapanda duniani kote.

Kwenye bamba, sindano nyembamba hugusa vituo vya umeme vya kichwa na kupima ukinzani. Hapa kipimo hakiwezi kusema yote, kwa kuwa kichwa bado hakijafikia umbo lake la mwisho: urefu wa tabaka la kusomea hutegemea kiasi kitakachosuguliwa baadaye. Lakini ramani ya ukinzani wa bamba zima hufichua makosa ya utengenezaji. Ikiwa vichwa vya ukingo mmoja vyote vina ukinzani wa juu, tatizo liko kwenye mashine iliyotandaza matabaka, wala si kwenye kichwa kimoja kimoja.

Bamba hukatwa kuwa vijiti, kila kimoja kikiwa na safu ya vichwa, na vijiti husuguliwa. Usuguaji huo huongozwa na kipimo cha werevu wa pekee. Katikati ya vichwa hujengwa vikinzani vidogo visivyo na kazi nyingine yoyote. Metali inavyosuguliwa, kikinzani huwa chembamba na ukinzani wake hupanda. Mashine husoma upandaji huo bila kusimamisha kazi, huongeza shinikizo upande mmoja wa kijiti au kulipunguza upande mwingine, na huacha pale ukinzani unapofikia kiwango kilichopangwa. Bila njia hiyo isingewezekana kusimama kwa usahihi wa nanomita chache.

Baada ya kusuguliwa, uso wa kusomea umekuwa wa mwisho, na kipimo cha uga huanza kuwa na maana kamili.

Kipimo cha uga bila sahani

Kijiti au kichwa kilichofungwa kwenye mkono wake huwekwa ndani ya sumaku ya umeme. Umeme wa kawaida wa kazi hupitishwa kwenye kichwa. Kisha uga hupandishwa polepole upande mmoja hadi mamia kadhaa ya oersted, hurudishwa hadi sifuri, na kupelekwa upande wa pili. Mashine huchora grafu ya volteji ya kichwa dhidi ya uga. Grafu hiyo moja hubeba habari nyingi.

Mwinuko wake karibu na sifuri huonyesha wepesi wa kichwa kuhisi. Tofauti kati ya ncha ya juu na ya chini huonyesha ukubwa wa ishara. Kutolingana kwa pande mbili hupatikana kwa kuchukua tofauti ya urefu wa pande hizo na kuigawanya kwa jumla yake: kichwa kinachotoa milivolti 5.5 upande mmoja na 4.5 upande mwingine kina kutolingana kwa asilimia 10. Grafu ya kwenda na ya kurudi zisipofuatana, tabaka huru lina mabaki ya kumbukumbu ambayo halikupaswa kuwa nayo. Ngazi katika mstari ambao ungepaswa kuwa laini ni kelele ya Barkhausen. Na grafu iliyopinduliwa, inayoshuka mahali pa kupanda, ni tabaka lililofungwa ambalo limegeuka.

Kichwa kibaya huweza kuonekana kizuri katika mzunguko mmoja, kwa hiyo grafu huchorwa mara nyingi na kulinganishwa. Pia hupimwa kelele: uga hushikwa mahali pamoja, na mashine husikiliza kama volteji ya kichwa inarukaruka yenyewe bila sababu ya nje. Mara nyingine kichwa hupashwa joto, au huwekewa uga mkali kutoka upande usio wa kawaida, ili udhaifu uliolala uamke mapema.

Kwa vichwa vyenye kizio kuna kipimo kingine cha kuvutia kinachotafuta matundu madogo. Ukinzani hupimwa mara mbili, kwanza kwa volteji ndogo kisha kwa kubwa zaidi. Umeme unaopenya kizio kizima hukutana na ukinzani unaopungua volteji inapopanda. Umeme unaopita katika daraja la metali hulipasha joto, na ukinzani wa metali hupanda kwa joto. Hivyo si ukubwa wa ukinzani bali upande unaobadilikia ndio unaosema kama ndani ya kizio mna tundu. Vichwa viwili huweza kuwa na ohm zilezile kabisa katika kipimo cha kawaida, na hiki kikavitenganisha.

Kipimo juu ya sahani inayozunguka

Kipimo cha uga ni cha haraka na nafuu, lakini si kusoma kwenyewe. Uga wa sumaku ya umeme hufunika kichwa kizima kwa usawa, ilhali uga wa biti moja hutoka kwenye eneo dogo na hubanwa na ngao mbili za sumaku zilizo pande za kichwa. Kwa sababu hiyo sehemu ya vichwa hupelekwa kwenye meza ya kuzungushia: mashine yenye sahani halisi, injini iliyotulia sana na mkono unaoweza kusogezwa kwa hatua za nanomita.

Kichwa hushushwa juu ya sahani, huandika njia moja na kuisoma. Hupimwa ukubwa wa ishara, upana wa pigo la biti moja, uwiano wa ishara na kelele, na kiwango cha makosa. Kichwa husogezwa kidogo kidogo kutoka katikati ya njia hadi makosa yaanze kupanda, na hivyo hupatikana upana halisi unaosomwa, ambao huweza kutofautiana na upana uliopimwa kwa hadubini.

Hapa ndipo hugunduliwa kasoro moja ambayo kipimo cha uga peke yake huikosa kwa urahisi. Kichwa cha kuandikia kiko mikromita chache tu kutoka kwenye kichwa cha kusomea, na kila kinapoandika hutikisa sumaku ya jirani yake na kumpasha joto. Kichwa dhaifu hurudi kila mara katika hali tofauti kidogo. Kwa hiyo mashine huandika na kusoma, huandika na kusoma, mamia ya mara, na kuangalia si wastani wa ishara bali mtawanyiko wake. Kichwa chenye wastani mzuri na mtawanyiko mkubwa hukataliwa, na uamuzi huo ni sahihi: diski inaweza kuzoea ishara ndogo isiyobadilika, lakini haiwezi kuzoea ishara inayobadilika baada ya kila kuandika.

Jambo jingine huhusu joto la kugusana. Kichwa kikigonga kinundu kwenye sahani, msuguano hukipasha joto na ukinzani hupanda ghafla, ishara yote ikanyanyuliwa kwa kitambo kidogo na biti zilizopita wakati huo zikasomwa vibaya. Kilichokuwa kero kwa vichwa vya kwanza vya ukinzani baadaye kikawa kifaa: mgusano ukihisiwa kwa joto na mtetemo, mashine hujua mahali uso wa sahani ulipo, kisha humrudisha kichwa juu kidogo kwa kupunguza nguvu ya kipasha joto.

Ndani ya diski iliyofungwa

Baada ya kuunganishwa, diski huwekwa kwenye rafu pamoja na mamia ya nyingine na kuachwa ijipime kwa saa nyingi, mara nyingine kwa siku kadhaa. Programu yake ya ndani hutafuta kwa kila kichwa umeme unaofaa, nguvu ya kipasha joto na mipangilio ya kusomea, katika halijoto tofauti. Sehemu mbaya za sahani huandikwa kwenye orodha na hazitumiki tena. Matokeo yake ni kwamba diski mbili za muundo mmoja huwa na mipangilio tofauti, na hata vichwa viwili ndani ya diski moja. Hii ndiyo sababu kubadilisha bodi ya umeme kati ya diski mbili zinazofanana kwa jina mara nyingi hakufanyi kazi.

Inapotumika, diski huhifadhi takwimu zake katika mfumo unaoitwa SMART: idadi ya sekta zilizohamishwa, sekta zinazosubiri kuamuliwa, makosa ya kusoma na kadhalika. Watengenezaji wa diski za kawaida hutaja kosa moja lisilorekebishika kwa kila biti trilioni 100 zinazosomwa, yaani takriban terabaiti 12.5, makosa mengine yote hurekebishwa kimyakimya kwa hesabu kabla mtumiaji hajayaona. Kwa hiyo kichwa kinachodhoofika hujificha nyuma ya urekebishaji huo kwa muda mrefu.

Uchunguzi uliotolewa na Google mwaka 2007 juu ya diski zaidi ya 100,000 ulionyesha pande zote mbili za jambo hili. Diski iliyopata kosa lake la kwanza katika uchunguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa. Lakini zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na hata hesabu moja katika dalili nne zenye nguvu zaidi za SMART. SMART ikitoa onyo, data inakiliwe mara moja. Isipotoa, hilo si uthibitisho kwamba vichwa ni vizima.

Kutambua kichwa kibovu katika diski iliyotumika

Diski inayogonga kwa mlio wa kurudiarudia mara nyingi imeshindwa kusoma ishara za kuongozea zilizoandikwa kwenye sahani. Mkono huenda, hautambui ulipo, hurudi na kujaribu tena. Kichwa kibovu ni chanzo kimoja. Kikuza ishara kilichokufa na sahani iliyokwaruzwa hutoa mlio unaofanana.

Diski inayotambulika bado lakini inakosea huweza kuchunguzwa kwa kuchora grafu ya kasi ya kusoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Data hupangwa kwa zamu: eneo la kichwa cha kwanza, kisha la pili, na kuendelea hadi kurudi cha kwanza. Kwa sababu hiyo kichwa kimoja kikiwa dhaifu, mashimo hujirudia kwa vipindi vya kufuatana kwenye grafu nzima. Makosa yakirundikana mahali pamoja na kwingine kuwa safi, shaka huelekea zaidi kwenye uso wa sahani. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa katika hali ya kwanza data ya vichwa vizima inaweza kunakiliwa kwanza, na eneo la kichwa kinachougua likaachwa mwisho.

Kuendelea kuwasha diski inayogonga ni hatari. Kichwa kilichopinda au chenye uchafu huweza kukwangua sahani, na tabaka la sumaku likikwanguliwa hakuna kipimo wala kichwa kipya kitakachorudisha kilichokuwa hapo. Kubadilisha vichwa hufanyika katika hewa iliyochujwa, kwa vichwa vya diski nyingine ya muundo uleule.

Multimita ya kawaida haifai kwa kazi hii. Katika kipimo cha ohm hutoa umeme wake yenyewe, na volteji kwenye ncha zake kabla hazijagusa kitu huweza kufikia volti kadhaa. Waya zake nazo hubeba chaji inayomwagika mara tu zinapogusa. Fundi anayegusa vituo vya kichwa chenye kizio ili kujua kama ni kizima anaweza kukiua kwa mguso huohuo, kisha akasoma ukinzani mdogo na kuamini kwamba ndivyo alivyokikuta. Vifaa vya viwandani hubana umeme na volteji tangu kabla ya kugusa, na vituo vya kichwa huunganishwa pamoja kwa waya wa muda ili chaji isipate njia ya kupita ndani yake. Wafanyakazi huvaa kamba za mkononi zilizounganishwa na ardhi, na hewa ya chumba hupulizwa ayoni zinazoondoa chaji kwenye vitu ambavyo haviwezi kuunganishwa na ardhi, kwa mfano plastiki.